Vazi Lililotoka Eda

Kila asubuhi, akishasali Alfajiri, kabla hajaomba maji wala kumsemesha mtu, Sabiha alichukua punje moja ya choroko kutoka kwenye kibakuli na kuidondosha ndani ya chupa tupu ya asali iliyokaa dirishani. Tik. Wifi yake Nasra, aliyelala chumba cha pili, aliizoea sauti hiyo hata ikawa ndiyo inayomwamsha. Punje moja, siku moja. Hivyo ndivyo Sabiha alivyoihesabu eda ya mumewe.

Mumewe alikuwa Ayubu, kaka yake Nasra, fundi makochi wa Ngamiani, mtu mfupi, mwembamba, mwenye vidole vilivyoganda gundi mwaka mzima. Presha ilimchukua jioni ileile mwezi ulipoandama, watu wakiwa bado barabarani wameinua shingo kuutafuta. Kibarazani aliacha kazi mbili. Moja ilikuwa kochi la mteja. Mwenyewe alikuja akalichukua. Nyingine ilikuwa vazi, na hilo halikuwa na wa kulichukua.

Lilikuwa vazi la askari wa sayari nyingine, askari ambaye Ayubu hakumwona popote ila kichwani mwake. Kifua alikikata kwenye mpira wa kandambili, ule unaouzwa kwa mashiti kwa mafundi viatu. Mabega yalikuwa ya sponji. Kofia ilikuwa helmeti ya bodaboda iliyopasuka, mbele kaitia kipande cha plastiki nyeusi, na mgongoni palikaa dumu la mafuta ya kupikia, likijifanya mtungi wa hewa. Miaka miwili alilihangaikia, kila akipata mabaki ya kazi za watu. Lilikosa mkono wa kushoto, miguu yote miwili, na rangi.

Na lilikuwa na siku yake. Vijana wa mtaa waliandaa mashindano ya mavazi ya kubuni pale uwanja wa Tangamano, na Ayubu alijiandikisha mapema kuliko wote. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, namba kumi na saba. Hata jioni ile anaumwa alimwambia mkewe, "Hata wakinicheka, Sabiha, mradi litembee. Vazi lisilotembea ni takataka."

Khitma ya arobaini ilipokwisha na wageni kutawanyika, Sabiha alimwita Nasra chumbani.

"Wifi, niletee ile kofia. Na sponji. Na ule mkasi wake mkubwa."

"Wa nini?"

"Nilimalizie."

Nasra alimtazama. Sabiha amekaa kwenye mkeka na kanga zake za eda, hana hina, hana wanja, uso umepauka kwa kukosa jua. "Wewe mjane umekaa eda, unataka kushona nguo za majini?"

"Nimekatazwa kujipamba na kutoka nje, wifi. Kukata sponji sikukatazwa."

Nasra alileta. Moyoni alisema atachoka huyu, kesho kutwa atanirudishia. Hakuchoka.

Sabiha hakuwahi kushika kazi ya mumewe, ila miaka kumi na moja alikaa mlangoni akimenya vitunguu huku akimwangalia, na macho yake yalikuwa yameiba mengi. Alijua kwamba sponji ukiipitishia pasi ya mkaa kwa haraka, bila kuikandamiza, ngozi yake inajifunga na kuwa ngumu. Alijua gundi inapakwa pande zote mbili, unaiacha mpaka ikiguswa hainati, ndipo unabandika, na ukibandika umebandika. Asilolijua lilikuwa rangi. Bega la kwanza alilipulizia rangi ya kopo moja kwa moja, nalo likasinyaa mbele ya macho yao, likajikunja kama ngozi ya maziwa, mpaka likawa kitu cha kutupa.

Nasra alidhani atalia. Sabiha aliligeuza bega lile mkononi, akalinusa.

"Rangi inakula sponji," alisema. "Kwa hiyo lazima ikute kitu kingine kwanza."

Siku tatu alijaribu. Uji wa unga wa ngano ulipasuka, nta ya mshumaa ilibanduka. Mwisho alichanganya gundi nyeupe ya mbao na maji, akapaka mara nne, kila mkono wa gundi ukikauka ndipo anapaka mwingine. Rangi ikakaa, ikang'aa kama bati jipya. Nasra, aliyekuwa mlangoni na kapu la sokoni kichwani, alilisahau kapu.

Toka hapo hakusema tena nguo za majini. Akawa yeye ndiye anayetumwa gundi, tena anachagua. Majirani waliopita uani walichungulia na kucheka: "Nasra, huyo mjane wenu anaunda pikipiki?" Naye akajibu, "Anaunda, na nyie hampandi."

Wakati mwingine walizungumza, mmoja akikata, mwingine akishikilia.

"Eda ikiisha kaka yako si atakuja kukuchukua?" Nasra aliuliza siku moja. Kwao Sabiha ni Maramba.

"Sitamngoja. Siku nitakayotoka mlango huu, wifi, sigeuki. Nikigeuka nitakaa, na nikikaa nitazeeka nikikitazama kibaraza kile."

Nasra alicheka, akadhani ni maneno ya uchungu tu, yatapita.

Vazi likaisha, siku tisa kabla ya mashindano. Hapo ndipo tatizo likajitokeza wazi. Nasra ndiye aliyeitunza eda rasmi, kwenye kalenda ya ukutani waliyopewa na duka la simenti: miezi minne na siku kumi, ametia alama kwa kalamu nyekundu. Eda inaisha Jumanne tarehe kumi na mbili. Mashindano, Jumamosi tarehe tisa.

"Avae mwingine," Sabiha alisema, sauti imekauka.

Wakamwita Rama, rafiki yake Ayubu, dereva wa bodaboda. Alilivalia uani, Sabiha akisikiliza kutoka ndani nyuma ya pazia. Kifua hakikufunga, pengo la shibiri nzima. Miguu ilimbana mpaka akatembea kama kuku aliyefungwa.

"Shemeji," aliita huku akihema, "hili Ayubu kalikata kwa mwili wake. Mjini hapa simjui mwenye mwili ule."

Nasra alimjua. Sabiha na Ayubu walikuwa wakivaliana hata viatu.

"Kulikata lipanuke?" Rama aliuliza.

"Gundi ikishabandika imebandika," sauti ilijibu nyuma ya pazia. "Liache."

Siku zile punje ya choroko ilidondoka bila sauti, au Nasra ndivyo alivyoona. Vazi lilisimama pembeni kwenye kigingi, limefunikwa shuka, kama maiti aliyekataa kulala.

Alhamisi akaja Mwalimu Mazin, mwalimu wa madrasa aliyemsalia Ayubu, kuuliza hali ya mjane. Alikaa ukumbini, Sabiha ndani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Zimebaki ngapi?"

Nasra akawahi: "Jumanne, mwalimu. Nimepiga hesabu mwenyewe, kalenda ile pale."

Mwalimu Mazin aliinuka, akaisogelea kalenda, akaitazama picha ya mfuko wa simenti, kisha alama nyekundu. "Nasra. Eda inaanza kuhesabiwa na duka la simenti tangu lini?"

"Kwani nimekosea wapi?"

"Miezi ya eda ni ya kuandama, mingine siku ishirini na tisa tu. Ayubu katutoka mwezi umeandama, hesabu yake nyepesi kuliko zote. Hii ya kwako ni ya kulipia kodi ya nyumba."

Nasra akahisi uso unawaka. Nyuma ya pazia ikasikika chupa inamiminwa, choroko zinamwagika kwenye sinia, kidole kinazisogeza mbili mbili. Walingoja.

"Mia na ishirini na saba," Sabiha alisema.

Mwalimu Mazin akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Weka na ya kesho. Ijumaa jua likizama umetoka."

Nasra hakuweza kujizuia. Akamweleza habari ya vazi na Tangamano, mwisho akauliza kama si aibu. Mwalimu alijikuna ndevu.

"Nywele zinaonekana?"

"Hata ukucha hauonekani, mwalimu."

"Basi kasitirika kuliko wewe. Mimi nimeulizwa siku, nimejibu siku."

Jumamosi asubuhi Sabiha alikoga, akavaa nguo mpya, na juu ya nguo akavaa vazi. Nasra ndiye aliyemfunga mikanda. Kifua kikafunga, tap, bila kulazimishwa. Mfuko wake mdogo alimkabidhi Rama autangulize na pikipiki, na Nasra katika haraka ile hakuuliza unatangulizwa wapi.

Barabarani watoto walikimbia mbele, wazee wa kahawa wakashusha vikombe. "Mwanamume au mwanamke?" mmoja aliuliza. Nasra, nyuma kidogo na baibui lake, akajibu kwa sauti asiyoijua kama anayo: "Fundi!"

Tangamano, walipoita namba kumi na saba, Ayubu, yule askari akapanda jukwaani. Hakucheza, hakurusha ngumi kama wengine. Alitembea tu. Polepole, toka ncha mpaka ncha, akageuka, akatembea tena, jua likimwagika kwenye mabega yale yaliyopakwa gundi mara nne. Waliokuwa wakipiga mbinja waliacha. Hakuna aliyecheka. Kisha makofi yakaanza upande wa mafundi viatu, yakazunguka uwanja mzima, na Nasra akagundua anapiga huku machozi yanamwingia mdomoni.

Waamuzi walikuwa bado wanaandika. Sabiha hakungoja. Alishuka kwa ngazi ya upande wa pili, akapita katikati ya watu wakimpisha, akatoka lango la nyuma, lile linaloelekea kwenye magari ya Maramba, ambako Rama alikuwa amesimama na mfuko.

"Wifi!" Nasra aliita.

Kofia ile haikugeuka. Mkono wa kushoto, ule alioushona Sabiha mwenyewe, ulinyanyuka juu, vidole vitano vya mpira vikafunguka, ukashuka. Akaendelea kutembea.

Nasra alibaki langoni na kanga aliyomletea ya kurudia nyumbani. Alisimama hapo mpaka walipotangaza washindi, mpaka wakaanza kufungua maturubai. Sabiha hakurudi.