Somo Yangu na Sahani ya Baba

Bibi mzaa baba alipooza upande wa kulia akiwa uani anachambua mchele, na hakusema tena mpaka alipofariki. Nilizaliwa baada ya hapo, nikapewa jina lake, kama ilivyo desturi kwetu Diani. Kwa hiyo bibi akawa somo yangu. Watu wazima walisema kiharusi kile kilikuwa upepo mbaya, na kwamba upepo huo unafuata jina. Mwenye jina sasa nilikuwa mimi.

Basi nikalindwa. Nilivishwa hirizi shingoni, nikakatazwa kuota jua la utosi, nikakatazwa kukaa kizingitini magharibi. Wenzangu wanacheza, mimi naitwa ndani. Nilikasirika sana, sifichi. Bibi mwenyewe sikuwahi kumwona, na bado ananinyima mchezo!

Wakati huohuo baba, mtoto wa tumbo la yule bibi, alikuwa akila ng'onda karibu kila siku. Ng'onda ni samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, na baba alimnyunyizia chumvi nyingine juu. Kichwa kikimuuma asubuhi, alijifunga kitambaa akaenda shamba. Mjomba wake wa Bongwe, ndugu wa bibi, naye alikuwa ameanguka akabaki mdomo umeenda upande. Lakini hakuna aliyemwangalia baba. Jina la bibi hakuwa nalo.

Uhuru ulikuwa bado mpya nilipoanguka shuleni, kwenye mstari wa asubuhi. Nyumbani walipiga mayowe kwamba upepo umefika. Baba akanipeleka hospitali ya Msambweni, akamweleza daktari habari zote za somo yangu, tangu mchele mpaka hirizi. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo marehemu, mzee, alimzaa nani?"

"Alinizaa mimi."

"Basi nipe mkono wako."

Alimfunga kile kitambaa cha kupimia, akabinya mpira. Akapima tena. Presha ya baba ilikuwa juu sana. Daktari akatueleza taratibu kwamba jina halina kosa. Ugonjwa huu hupita katika damu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwana. Kuurithi si lazima kuugua, ila aliyetoka katika nyumba kama yetu apimwe mara kwa mara, apunguze chumvi, na akipewa vidonge avimeze hata siku anazojiona mzima. Mimi nilikuwa na njaa tu, kwani niliondoka nyumbani bila chai. Lakini alisema nikikua nami nipimwe.

Tukashika njia ya nyumbani. Nilimtazama ule mkono wake wa kulia, nikaogopa kuliko nilivyowahi kujiogopea mwenyewe.

Mama alimwondoa ng'onda jikoni siku hiyohiyo. Akawa anampikia baba samaki wa ukwaju na ndimu bila chumvi, katika sahani yake peke yake, maana sisi wengine tulikataa katakata kukila chakula kile. Sisi tulizunguka sinia letu, yeye na sahani yake pembeni.

"Mnanilisha chakula cha maiti," alilalamika.

"Maiti hali, bwana," mama akamjibu. "Kula."

Alikula, akinung'unika. Hirizi yangu aliivua akaifunga kwenye chupa yake ya vidonge, akasema huko ndiko kwenye kazi. Nikarudi kucheza.

Niliolewa Kikoneni. Baada ya mimba ya pili nikapimwa, na presha yangu ikawa juu, ikakataa kushuka hata mtoto alipoanza kukaa. Nilirudi Diani kumwambia baba. Nilimkuta mvi zimemjaa, anapasua kuni kwa mikono yote miwili. Nilipomwambia, nililia kama mtoto, kwa sababu nilikuwa na watoto wadogo na niliogopa kulala bubu kitandani wakinitazama.

Baba hakunibembeleza. Chakula kilipoandaliwa nilijongea kwenye sinia kama kawaida. Alinishika mkono akaniketisha upande wake wa jamvi, akasukuma sahani yake mpaka ikagusa magoti yangu.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Miaka yote hii nimekula peke yangu."