Tone la Limau Lililopelekwa Lubumbashi

Niliondoka Likasi kwa sababu mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi, mwenye kununua mafuta tunayotoa katika maganda ya malimau, alizinusa chupa zetu, akazirudisha akitangazia watu kwamba tunatia dawa ya kiwandani. Sisi ni wamama watatu wa Shituru, mtaa wa Likasi. Kama neno lile lingebaki, hakuna ambaye angenunua kwetu tena. Sikusoma sana, na niliogopa kwamba labda anajua kitu nisichokijua. Nilienda hivyohivyo, kuyapimisha mafuta yetu kwa mashini ya laboratwari kulekule Lubumbashi.

Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye taksibisi, mwenzangu Mama Kapinga alinifungia chupa ndani ya kitambaa.

“Na mashini ikisema tuko waongo?” nilimwuliza.

“Basi utarudi kwa miguu,” akacheka.

Kwenye bariyeri ya barabarani askari alinusa chupa, akauliza kama ni manukato ya harusi. Nilimwambia ni ya kesi.

Saa tano nilikuwa laboratwari. Papa mmoja mwenye koti jeupe, mpimaji wa pale, aliingiza tone moja ndani ya mashini, nayo ikatenganisha harufu zake na kuchora kila moja kama kilima kwenye karatasi. Tulingoja sana.

“Mama, kitu ya kiwanda haiko,” alisema. Kisha akaweka kidole kwenye kilima kidogo. “Lakini chungwa iko. Mulichanganya?”

“Hapana, papa.” Nikakiangalia kilima kile. “Ngoja. Tukimaliza machungwa, maji inabakiaka moto. Tunatupia malimau mulemule, kusudi makala ya kuwasha moto isiishe.”

“Njo ile,” alisema, akikubali kwamba chungwa lilitoka kwenye maji yale, akaandika majibu kwa Kifaransa chini ya vilima.

Saa tisa niliingia dukani kwa mfanyabiashara. Wateja walikuwapo. Alisoma karatasi, akanivuta kando.

“Mama, wacha ile ya chungwa. Miye nitasema mafuta ni ya kweli, weye unanyamaza juu ya ile nilisema ya dawa, inaisha.”

Nilikaribia kukubali, mimi ni nani hata nibishane naye? Lakini nikasema, “Hapana, papa. Ulinisema mbele ya watu, utanisikia mbele yao.” Nikasoma yote kwa sauti, nikikwama kwenye Kifaransa: dawa ya kiwandani, hakuna, chungwa, lipo, nikaongeza kwamba ni kosa letu.

Jioni nilishuka Likasi. Mama Kapinga aliuliza habari.

“Hatukudanganya. Na kesho tunaanza na maji mapya.”

“Makala je?”

“Itaisha.”

Nilichojifunza ni hiki: pua ya yule mfanyabiashara ilisikia kitu kweli, sitamnyima haki hiyo. Lakini kosa langu nimelitaja mbele ya wateja wake. Lake, la kututangazia dawa ya kiwandani, bado hajalitaja, nami nitarudi dukani mpaka alitaje.