Kumfuata Miriamu Usoke

Nilitoka Nzega kwenda Usoke kumchukua binti yangu. Mke wangu, Elizabeti, alifariki akijifungua, na kichanga kikamfuata kesho yake. Miriamu, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa na miaka mitatu. Nikampeleka kwa bibi yake mzaa mama, nikisema nitamrudia baada ya mavuno. Yakapita mavuno mawili. Kanisani niliacha kwenda. Jembe nililishika tu kwa kuwa njaa haina matanga. Kisha asubuhi moja nikagundua kwamba siikumbuki tena sauti ya mwanangu. Nikaogopa. Nikapiga magoti, mara ya kwanza tangu mazishi: “Bwana, nguvu sina, lakini naondoka.”

Mpaka Tabora nilitembea siku nne, nikitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Enzi zile za Mwingereza barabara ilikuwa vumbi na miombo, na lori ungelisikia kabla hujaliona. Naukumbuka sana ukarimu wa njia ile: ukipiga hodi kwa mtu usiyemjua, aliuliza kwanza kama umekula, jina baadaye.

Tabora nilifikia Kanyenye, kwa Mzee Sefu, fundi viatu, rafiki wa marehemu baba yangu. Alishona makubazi yangu huku nikimweleza yaliyonipata.

“Na mtoto akikukataa?” aliuliza.

“Ndilo ninaloliogopa, mzee.”

Akakata uzi kwa meno. “Babu yangu alibeba pembe kwa njia hiyo hiyo kutoka Ujiji. Hakungoja mzigo uwe mwepesi ndipo aondoke. Tawakali, mwanangu. Vaa viatu.”

Kutoka Tabora nilishika njia ya zamani ya misafara kuelekea magharibi. Mahali pengine nyayo za wapagazi zilikuwa zimeichimba kama mfereji. Humo nilisali kwa sauti, tena kwa hasira, nikimuuliza Mungu kwa nini. Sikujibiwa. Ila niliona kwamba nilikuwa nazungumza naye tena.

Usoke nilifika siku ya tatu, alasiri. Mama mkwe alikuwa anapepeta mtama. Nikasimama mbali.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Ungo haukusimama. “Umekuja kutusalimu au kuchukua?”

“Kuchukua, mama. Na kuomba radhi.”

Miriamu akajificha nyuma yake. “Bibi, huyu ni nani?”

Neno lile lilinikata. Mama mkwe akasema, “Kaa kwanza. Mtoto si kuku wa kukamatwa.” Nikakaa siku tisa, nikimvunia karanga. Siku ya nane Miriamu alinijia shambani na kibuyu cha maji.

“Eti wewe ndiye baba?”

“Ndiye mimi.”

“Mbona ulichelewa?”

“Nilikuwa nalia.”

Akafikiri. “Bibi naye hulia. Lakini hupika.”

Tangu hapo sijasikia mahubiri yaliyoniingia kuliko hayo. Nilikuwa nikingoja huzuni iondoke ndipo imani irudi. Kumbe hukaa nyumba moja, na kazi huendelea.

Mama mkwe alituombea, akatusindikiza mpaka mtoni. Njiani Miriamu alitembea, nikambeba, akatembea tena, na njia nzima hakuniita kwa jina lolote. Nzega tulifika jua likiwa bado juu. Nikafungua mlango, akaingia kabla yangu, akatazama huku na huku.

“Baba,” akasema, “mimi nitalala upande gani?”

Nikamwambia achague.