Kamba Haikukatika

Mpaka leo, na kichwa changu chote kimeshakuwa cheupe, mtu akisema mbele yangu kwamba siku ile kamba ilikatika, damu hunichemka. Wajukuu wangu wananijua. Husema, "Bibi keshaanza," wakacheka. Wacheke. Wao hawakuwepo.

Ilikuwa miaka ya hamsini na nilikuwa bado mke mpya. Baba yangu alikuwa fundi wa chokaa, mtu wa Kikwajuni, na mimi niliolewa mjini, katika nyumba ya ghorofa ya mfanyabiashara wa karafuu. Watu wa kwetu, Ng'ambo, walisema nimepata. Watu wa nyumba ile walisema kijana wao kaoa kwa fundi, na hawakulisema kwa kunong'ona. Mume wangu alikuwa mtu mwema, ila kila palipohitajika neno lake, yeye alikuwa Pemba kwenye karafuu.

Mwaka huo masika yalikuwa makubwa, na lipu ya ukuta wa upande wa uwanjani ikaanza kubanduka. Mkwe wangu, yule mfanyabiashara mwenyewe, akamwita baba autengeneze. Hakumwita kwa mapenzi. Alimwita kwa sababu fundi akishakuwa mkweo hana tena uso wa kubishana nawe.

Baba na mwenziwe wakasimamisha jukwaa la boriti, wakazifunga kwa kamba za makumbi, likapanda kutoka chini mpaka kwenye dirisha la chumba changu, ghorofa ya juu kabisa. Jukwaa refu namna ile haliwezi kusimama kwa miguu yake tu. Lisiposhikwa na ukuta, siku moja linajitenga nao na kuanguka pamoja na aliye juu. Na ukuta wa zamani wa mawe na chokaa haushiki msumari, ukipigilia, unabomoka. Kwa hivyo baba alikingamisha gogo nene ndani ya dirisha, refu kuliko upana wa dirisha lenyewe, likaegemea ukuta huku na huku. Akalifunga kamba, na kamba ikatoka nje kwenda kulishika jukwaa. Gogo moja aliliweka kwenye dirisha la ngazini. La pili, lililoshika kichwa cha jukwaa, lilikuwa chumbani kwangu.

Kila asubuhi, kabla ya mtu kupanda, alijaribu. Alikuwa na kamba ndefu iliyoning'inia kutoka juu ya jukwaa mpaka chini. Yeye na mwenziwe waliikamata, wakajitupa nyuma kwa uzito wao wote kana kwamba wanataka kuling'oa jukwaa ukutani. Mimi ndani nimeweka mkono juu ya gogo.

"Mwanangu!" anaita.

"Naam!"

"Limecheza?"

"Halikucheza, baba."

Hapo ndipo anapanda, si kabla. Nilikuwa nikiipenda saa ile kuliko saa zote za siku katika nyumba ile, maana ndiyo saa pekee niliyoulizwa kitu na jibu langu likasikilizwa.

Mkwe wangu hakulipenda gogo, hakuipenda kamba, na sauti yangu kusikika uwanjani ndiyo hakuipenda kabisa. Siku moja alinisimamisha kwenye ngazi.

"Nyumba yangu imefungwa kamba kama mbuzi wa Idi," alisema. "Dirisha la wanawake liko wazi, na wewe unaitikia kama muuza samaki. Alkhamisi nna wageni, wanakuja kumposa mwanangu. Gogo lile litoke."

"Baba, jioni akishashuka fundi, ntalitoa mwenyewe," nikamwambia. "Lakini mtu akiwa juu halitoki."

"Unanifunza nyumba yangu?"

"Sikufunzi. Nnakwambia tu kwamba aliye juu ni baba yangu."

Akanipita, akashuka ngazi. Nikadhani amefahamu. Mtu mzima, ameshahiji, anasoma magazeti, utadhani vipi kwamba hakufahamu?

Alkhamisi asubuhi baba alivuta, akauliza, nikamjibu. Akafanya kazi mpaka adhuhuri, akashuka kwenda kusali na kula. Mimi nilikuwa jikoni, chini, na wanawake wenzangu, tunahangaika na sambusa za wageni. Mkwe wangu akapanda chumbani kwangu. Akalifungua fundo, akalitoa gogo, akaliegemeza nyuma ya mlango taratibu kama bakora yake. Kisha akafunga dirisha na kuibana ncha ya kamba katikati ya mbao mbili za dirisha, isije ikaning'inia nje ikamtia aibu. Ukiitazama kutoka uwanjani, kamba ilikuwa inaingia dirishani vilevile kama asubuhi. Ndani hapakuwa na kitu.

Baba alirudi, akapanda na karai la chokaa. Nilisikia boriti zinalia, kisha kishindo. Nilipotoka, jukwaa lilikuwa limelala uwanjani, na baba kalala juu ya sakafu ya baraza na chokaa imemjaa usoni. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alinitazama akauliza kama mwenziwe kasalimika. Kasalimika, alikuwa bado chini.

Jioni wageni walikuja. Posa ikapokewa, halua ikaliwa.

Kilichofuata kiliniudhi kuliko anguko lenyewe. Baba alirejeshwa Kikwajuni hajiwezi, nikaenda kumuuguza, na huku nyuma habari zikaenea mjini kwamba fundi yule hutumia kamba mbovu. Mwenziwe akawa hapewi tena kazi. Wapo waliouliza mbona hakujaribu mara ya pili baada ya chakula. Niambieni, nani hukagua fundo lake kila akitoka kusali, katika nyumba ya mkwewe mwenyewe, na binti yake yumo ndani?

Nilimwambia baba nilivyolikuta gogo nyuma ya mlango na dirisha limefungwa.

"Usiseme kitu, mwanangu," akasema. "Una ndoa."

Basi jina lake likawa linazama kwa ajili ya ndoa yangu, na alikuwa radhi. Mimi sikuwa radhi hata chembe.

Ijumaa moja, baada ya sala, mkwe wangu alikuja kumtazama mgonjwa. Ukumbini, alikolazwa baba, walikuwamo mafundi wenziwe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na birika la kahawa. Nikamsikia anasema, kwa ile sauti yake ya upole ya mbele za watu:

"Ni kudra ya Mungu. Ila na wewe fundi, ungetafuta kamba nzuri. Kamba ilikatika."

"Naam," baba akajibu.

Ile "naam" ndiyo iliyonishinda. Niliweka birika chini. Kamba nilikuwa nimeiokota uwanjani siku ileile, nikaja nayo Kikwajuni na kuificha chini ya kitanda; nikaivuta. Baba alikuwa na desturi ya kuzizungushia ncha za kamba zake uzi mwembamba, zisifumuke, na kila fundi pale aliujua uzi ule. Nikajifunika buibui langu, nikapita pazia, nikaingia mbele ya wanaume.

"Shikamoo baba," nikamwambia mkwe wangu. "Kamba yenyewe hii. Nnakuomba unioneshe ilipokatika."

Fundi aliyekuwa karibu akaichukua, akaishika ncha moja, uzi upo. Akaishika ya pili, uzi upo. Akampa wa pembeni yake. Ikazunguka ukumbi mzima mkono kwa mkono, mpaka ikafika mbele ya mkwe wangu, naye mikono yake haikuondoka mapajani.

"Iondoe, mwanangu," baba akasema.

Sikuiondoa. Niliitandaza sakafuni mbele ya mlango, nikasimama pembeni. Alipoinuka kwenda kuvaa viatu vyake, ilimbidi aikunje kanzu kwa mikono miwili na kuikiuka kamba ile, na watu wote wanamtazama. Hakuna aliyemsindikiza.

Talaka yangu iliandikwa Pemba, ikaja kwa meli. Aliyeileta alikuwa jamaa wa nyumba ile, mtu wa adabu, akanipa pole na kusema ndiyo kudra ya Mungu. Nikamwambia hapana, na ndoa hii pia imefunguliwa na mtu.