Vitufe Visivyo na Majina

Nilipoteza macho nikiwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kanyangi, na kwa miaka miwili sikutoka bomani ila kwenda kanisani. Kilichonitoa ni mchezo wa simu. Ndani yake kuna kijiji. Unajenga nyumba, unalima, unatembelea jirani, na mnaongea kwa kuandikiana. Simu yangu ilinisomea kila kitu kwa sauti. Mtaa wetu huko ulikuwa wa watu wenye ulemavu tu. Kulikuwa na mama wa Mbooni asiyetembea, ambaye kwao njia ni miinuko mitupu na watu wa boda boda hukataa kumbeba pamoja na kiti chake cha magurudumu. Kulikuwa pia na fundi wa nguo wa Mwingi, kiziwi tangu kuzaliwa. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Aliniita Mwalimu.

Asubuhi moja nilifungua mchezo, sauti ikasema, "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Wenye mchezo walikuwa wameleta toleo jipya, vitufe vyote vikawa picha, hakuna hata kimoja chenye jina. Nikabonyeza kwa kubahatisha, nikabomoa jiko langu la mchezoni. Niliwaandikia. Wakajibu kwamba maoni yangu ni muhimu kwao. Nikaandika tena, nikajibiwa yale yale, neno kwa neno. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauutoi.

Nilipomweleza fundi, akanitumia ujumbe wa kawaida wa simu: "Mimi kuja Jumamosi. Mimi macho yako." Lugha yake ya kwanza ni ya alama, na Kiswahili chake hufuata mpangilio wa mikono.

Alibadilisha magari matatu kufika kwetu. Hatukuwa tumewahi kukutana, na ni pale mlangoni tulipogundua jambo ambalo hatukulifikiria: yeye hasikii sauti yangu, mimi sioni mikono yake. Simu ndiyo iliyokuwa mkalimani wetu, na sasa ndiyo aliyokuja kuishughulikia.

Alinishika mkono, akachora herufi kwenye kiganja changu, moja moja. H, A, B, A, R, I. Nilifundisha watoto herufi hizo miaka mingi. Nikamchorea jibu kwenye kiganja chake, kilichokuwa kigumu mahali mkasi unapokaa.

Simu yangu inaruhusu kitufe kipewe jina unalochagua mwenyewe. Yeye aliangalia picha, akaandika jina, akanipa nisikilize. "Mlango." "Maji." "Rudi nyumbani." Kuna picha moja ilimshinda, akaiandika "Sijui." Wifi yangu akaleta chai, akasimama kutuangalia.

"Mtaanza kuongea saa ngapi?" akauliza.

"Tumeongea tangu asubuhi."

"Na mimi sijasikia kitu."

"Hata mimi," nikamwambia.

Saa tisa tulimaliza, maana ilibidi awahi gari. Niliingia kijijini mwetu mchezoni nikiwa bado nasikia mwasho kiganjani. Mama wa Mbooni alikuwa ameandika, "Karibu Mwalimu. Jiko lako nimelijenga tena."

Majina yale yalidumu majuma matatu. Toleo lingine likaja, vitufe vikahama, simu ikawa inasema "Maji" nikigusa kitufe cha mlango. Fundi akaandika, "Jumamosi mimi kuja." Nikamwomba asije, ni msimu wa sare za shule na kazi imemlemea.

Akaja. Safari hii alivipa majina vitufe vichache tu vya lazima, na mara mbili alikosea, akafuta, akaanza upya. Nikamchorea kiganjani nikimwuliza kama hachoki.

Mkono wake ulitulia juu ya wangu. Kisha akachora polepole: N, A, C, H, O, K, A.

Akaiweka simu kitini. Akaegemea ukuta, na baada ya muda nikasikia pumzi yake ikiwa nzito. Nilikaa kando yake bila kugusa kitu, nikamwacha alale.