Baba Alivyokufa Mbele ya Wakwe

Siku watu wa Dabaso walipokuja kuniposa, nilimwomba baba jambo moja tu: asiigize. Nilimwambia akae kitini kama baba wa mtu, ajibu akiulizwa, na uso wake uwe ule wake mwenyewe.

"Uso wangu ndio upi?" akaniuliza, wala hakuwa akitania.

Ilikuwa miaka ya themanini, tukikaa Malindi, naye alikuwa kinyozi mwenye mvi. Lakini zamani, kabla ya uhuru, alipokuwa kijana wa Kilifi aliyetoroka kazi ya kukata mkonge, alikuwa mwigizaji. Alianzia jukwaani huko Mombasa, na kwa kuwa Mungu alimpa uso uliokunjamana tangu ujana, hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya bwana harusi. Ndevu hazijamwota sawasawa, tayari alikuwa akicheza wazee wenye kikohozi. Baadaye akaingia kwenye zile sinema zilizozungushwa vijijini kwa gari na kuonyeshwa kwenye shuka jeupe lililotundikwa uwanjani. Humo alikuwa mlevi, mwizi wa kuku, mganga wa uongo. Jina lake watu hawakulijua, ila sura yake ilijulikana kila gari lilikofika. Sokoni wanawake wakimwona walivuta vikapu vyao karibu. Yeye alirudi nyumbani akicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wakinichukia," alikuwa akituambia, "jueni nilifanya kazi."

Sinema iliyomharibia jina kabisa ni ile ya sumu. Kwetu, anayemkaribisha mgeni tembo la mnazi hunywa yeye kwanza, kuondoa sumu, ndipo mgeni apokee kwa moyo mweupe. Katika sinema hiyo baba anamkaribisha jirani ambaye shamba lake analimezea mate. Anaonja kwanza mbele ya watu, anatabasamu, na anapomkabidhi kibuyu anachovya ndani ukucha wa kidole gumba, alikoficha sumu. Jirani anakunywa, anakufa. Baba anacheka.

Sasa niambie, nani atampa shingo mtu kama huyo, na wembe mkononi? Ndiyo maana kibanda chake cha kinyozi alikifungua mtaa wa Kisumu Ndogo, papo hapo Malindi. Wengi wa huko walitoka bara, ile sinema hawakuwahi kuiona, wakamwinulia videvu bila wasiwasi.

Wageni wetu wa Dabaso hawakutoka bara. Walifika Jumapili alasiri: mjomba wa mchumba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, wazee kadhaa, na nyuma yao hawe, yaani nyanya yake, na mkongojo wake. Huyu bibi ndiye aliyemlea mchumba wangu, na bila kauli yake hapakuwa na posa. Akaketi, akamtazama baba. Kisha akamtazama tena.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la mahamri, nikichungulia. Baba alikuwa ametulia vizuri, mpaka nikaanza kumshukuru moyoni. Akamimina mnazi, akaonja, akampa hawe kibuyu kwa mikono miwili. Hawe hakunyoosha mkono.

"Pokea, mama," mshenga akasema. "Mwenye nyumba ameshaonja."

"Hata yule alimwonjea."

"Yule nani?"

"Yule aliyemuua."

Mshenga akacheka kidogo, kicheko cha aibu. "Mama, ile ilikuwa sinema."

"Najua ilikuwa sinema, sina wazimu mimi. Lakini mtu asiye na ubaya ndani yake angeujuaje namna ile? Mjukuu wangu haoi hapa."

Nilimkasirikia yule bibi, nikamkasirikia na baba, kwa kosa la kuijua kazi yake. Miaka yote hiyo nilimcheka na vikapu vyake vya sokoni, na sasa kikapu kinachovutwa mbali naye kilikuwa na mchumba wangu ndani.

Baba akakiweka kibuyu chini taratibu. "Hawe," akasema, "mwisho wake uliuona?"

"Mwisho gani? Maiti imelala tu, jenereta ikazima. Wakakunja shuka lao wakaenda, wala hawakurudi. Tulikuacha unacheka, na mpaka leo unacheka."

Baba akageukia pazia. Akaniona. Nikamtikisia kichwa kwa nguvu zote: usithubutu. Akanitazama kama anayeomba radhi, kisha akasimama.

Mgongo ukapinda kidogo, mdomo ukaenda upande, na kinyozi wetu akatoweka. Wazee wakavuta viti nyuma. Yule mwovu alikuwa anatembea kwenda nyumbani kwake, anacheka peke yake, anayahesabu mashamba kwa vidole. Akafika. Akaita apewe chakula. Akaketi mkekani mbele ya sima ambayo haikuwapo, nami naapa niliuona mvuke wake. Akamega tonge, akalifinyanga, akalibonyeza kwa kidole gumba kama tubonyezavyo sote ili lichote mchuzi. Akatia mdomoni. Akaramba kidole.

"Mkono ule ule!" hawe akapiga kelele. "Hakunawa!"

Baba akasita. Akautazama ukucha wake. Uso ukamwisha pole pole: kwanza kiburi, kisha ujanja, mwisho akabaki mtu tu, mwenye hofu, anayetaka kurudisha alichomeza. Akamwita jirani yake aliyemuua, akamwita kama mtu anayeita ndugu. Kisha akaanguka kati ya viti na mlango, kofia ikabiringika hadi miguuni mwa mshenga, naye akatulia tuli.

Hawe akainuka, akamwendea, akamchokoa mbavuni kwa mkongojo. Maiti haikutikisika.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Akamchokoa tena. "Haya, amka, mkwe. Umekufa vizuri. Nipe huo mnazi, kiu imeniua mie."

Akanywa bila kumtazama kidole. Nilipiga sinia chini, mahamri yakatawanyika, na vigelegele vya shangazi zangu vikawatoa majirani nje. Nilifurahi hadi nikamkumbatia mshenga, jambo ambalo bibi harusi mtarajiwa hafanyi.

Wageni walipokwisha kuondoka, nilimkuta baba ameketi kizingitini akijipangusa vumbi. Nikamuuliza kama kweli sinema ile iliishia hivyo.

"Inaishia kwa polisi," akasema. "Wanakuja wananishika, basi. Kufa nilikufa. Nilikufa siku nzima, mpaka nikapata homa. Lakini wenye sinema wakasema sehemu hiyo ni ndefu, wakaikata. Hata mama yako hakuwahi kuiona."

Akaokota kofia, akaitazama ndani. "Leo imeonekana," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na anacheka.

Siku ya harusi huko Dabaso, hawe alisimamisha ngoma. Kulikuwa na jamaa zake waliotoka Junju, nao pia walikuwa na deni la jenereta, mwisho hawakuuona, kwa hiyo mkwe aombwe afe tena. Mshenga akamtazama baba. Baba hakumtazama yeyote ila mimi, pale nilipoketi na hina yangu na maua yangu, akingoja kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza.

Nikamwambia, "Kufa, baba. Na usiharakishe."

Akafa kwa muda mrefu kweli, mpaka wali ukapoa. Na alipoanguka, wa kwanza kupiga vigelegele nilikuwa mimi.