Marahaba Kabla ya Shikamoo

Jana jirani alikuwa anapika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese, na harufu ilipopenya dirishani nikawakumbuka wale wageni waliokimbia vita Burundi, wakapewa chumba cha uani kwetu Ujiji. Mama yao alitaka kuuza dagaa sokoni Kibirizi, lakini hakuwa na pa kuzipanga, labda mama yangu akubali kugawana naye meza yake ya hapo.

"Mwanangu, nifundishe salamu ya Kiswahili, ile ya heshima kabisa," aliniomba.

Nami kwa utundu nikamgeuzia. Nikamwambia mdogo husema marahaba, mkubwa hujibu shikamoo.

Asubuhi akaja na mtoto mgongoni, akapiga magoti mbele ya mama. "Marahaba, mama!"

Mama akaacha kupepeta mchele. "Unaitikia nini? Mimi sijakuamkia."

Mgeni akadhani hajasikika. "Marahaba!" akarudia kwa sauti zaidi.

"Hee! Anataka meza yangu, na shikamoo nimpe mimi?"

Bahati nzuri Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mama akamuuliza kwa Kiha nani kamfundisha. Mgeni akaninyooshea kidole huku akitabasamu kwa shukrani. Lile tabasamu linanichoma mpaka leo.

Meza aliipata. Mimi nikaamriwa kuwaamkia watoto wake wote, mmoja mmoja, mbele ya majirani. Nikamaliza na yule wa mgongoni.

"Shikamoo," nikamwambia.

Akacheua.

"Rudia," mama akasema. "Hajaitikia."